Jina la Mtoto na Nyumba ya Familia: Nasaha kwa Wazazi Wapya

Nasaha ni mashauri mema ambayo mtu humpa mwenziwe ili kumwongoza katika mwenendo, pasipo kumwamuru wala kumfedhehesha. Katika mwambao wa Afrika Mashariki nasaha za unyumba zimeandikwa tangu zamani, na mfano unaojulikana zaidi ni utendi ambao Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akiona kwamba huenda asiwepo kumwongoza siku za mbele. Utendi huo unahusu hasa adabu ya binti kwa Mola wake, kwa mumewe na kwa watu. Maandishi haya yanaelekea upande wa pili, yaani adabu ya wazazi kwa mtoto ambaye bado hajui kusema. Mambo mawili yamechaguliwa, kumpa mtoto jina na kuijenga nyumba hatua kwa hatua, kwa sababu yote mawili huamuliwa na wazazi mapema, na yote mawili hubaki na mtoto muda mrefu baada ya walioamua kuondoka. Mtu huitwa kila siku kwa jina ambalo hakuulizwa lilipochaguliwa, na hukulia katika vyumba ambavyo ukubwa wake ulipangwa kabla hajazaliwa. Kwa hiyo jina na nyumba ni amana, yaani kitu ambacho mtu amekabidhiwa akitunze kwa ajili ya mwingine, na adabu ya mwenye amana ni kushauriana kabla ya kuamua na kuwa na subira baada ya kuamua.

Kuhusu wakati wa kutoa jina, desturi zinatofautiana na hakuna faida ya kuzishindanisha. Kwa Waislamu, mtoto anapozaliwa husomewa adhana katika sikio la kulia na ikama katika sikio la kushoto, na siku ya saba ndiyo inayopendekezwa kwa akika, ambayo ni kuchinja mnyama kwa kushukuru uzazi, pamoja na kumnyoa mtoto nywele na kumtangazia jina. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika mwambao, mtoto wa kiume huchinjiwa mbuzi wawili na wa kike mmoja, lakini mwenye uwezo mdogo akimchinjia mwanawe wa kiume mmoja inatosha, na asiye na uwezo kabisa hana lawama. Jina lenyewe halilazimiki kungoja siku ya saba, kwa kuwa imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume Muhammad alimpa mwanawe jina la Ibrahimu usiku ule ule aliozaliwa. Kwa Wakristo wengi jina hutajwa hadharani katika ubatizo, na Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 haziwabani wazazi kuchagua jina la mtakatifu, bali zinataka tu lisiwe jina lililo geni kwa moyo wa Kikristo, jambo linaloacha nafasi pana kwa majina ya kienyeji. Nchini Rwanda, katika sherehe ambayo kwa desturi hufanyika siku ya nane, watoto wa majirani hualikwa kula na kupendekeza majina ya mgeni wao, na ni vigumu kuona adabu iliyo nzuri kuliko hiyo, kwani mtoto hupokewa na wale atakaocheza nao kabla ya kupokewa na wakubwa watakaomtuma. Katika desturi zote hizi nasaha ni moja: familia yenye dhiki isikope kwa ajili ya karamu ya jina, kwa sababu deni la karamu hulipwa kutoka katika chakula cha mama anayenyonyesha.

Baada ya wakati huja suala la haki ya kuchagua, na hapo ndipo familia nyingi changa hujikwaa. Baadhi ya jamii zimelimaliza suala hilo kwa utaratibu uliokwisha pangwa. Kwa Wakikuyu wa Kenya, mwana wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba na wa pili jina la babu mzaa mama, na mabinti hufuata utaratibu huo huo kwa upande wa mabibi, hivi kwamba pande zote mbili za ukoo hupata kuitwa ndani ya nyumba. Katika mwambao na visiwani pia majina ya babu na bibi hurudi kwa wajukuu, ijapokuwa mpangilio wake si mkali kiasi hicho. Utaratibu wa namna hii una hekima ambayo vijana wa mjini huidharau upesi mno, kwa sababu unawaondolea wazazi mzigo wa kuonekana kuwa wamependelea upande mmoja. Tatizo hutokea pale ambapo mume na mke wametoka katika jamii zenye taratibu mbili tofauti, kila mmoja akiwa na mama anayesubiri kusikia jina lake. Inapasa mazungumzo hayo yafanyike mimba ingali changa, wakati ambapo hakuna uchovu wala wageni, na kama mila ya upande mmoja inakataza kutaja jina la mtoto kabla hajazaliwa, basi wakubaliane angalau ni upande gani utakaotoa jina la kwanza na upande gani utakaongojea mtoto anayefuata. Haifai kabisa baba aliyekwenda kujaza fomu arudi na jina ambalo mama hakuwahi kulisikia. Aliyebeba mimba miezi tisa hawezi kupewa habari ya jina la mwanawe kama jirani anavyopewa.

Kuna jambo moja la adabu ambalo linahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa wasiolijua hulitafsiri vibaya. Katika jamii nyingi za Kibantu mke hataji jina la baba mkwe wake, na kujizuia huko ni heshima. Mtoto anapopewa jina la babu yake mzaa baba, mama yake hujikuta hawezi kumwita mwanawe kwa jina, na ndiyo maana majumbani husikika watoto wadogo wa kiume wakiitwa na mama zao "baba" au "babu". Desturi hii ina utamu wake, maana inamkumbusha mtoto kwamba anabeba heshima ya mtu mwingine, lakini ina hatari mbili. Hatari ya kwanza ni kwamba mtoto aitwaye "baba" na kila mtu anaweza kulelewa kana kwamba hakosei, akaachwa bila kukanywa kwa kuogopa kumvunjia heshima mzee. Ya pili ni kwamba jina lake la kweli husikika kwa mara ya kwanza shuleni, mdomoni mwa mwalimu, naye asijue kuwa ndiye anayeitwa. Dawa ni kumpa jina la pili la nyumbani ambalo mama yake anaweza kulitamka bila kuvunja mwiko, na jina hilo liwe na staha sawa na la kwanza, kisha wote wawili, mama na baba, wawe na uhuru wa kumkemea mwenye jina hilo anapostahili kukemewa.

Majina yanayotokana na siku, majira au namna ya kuzaliwa hayana ugumu mwingi. Juma, Jumanne, Khamisi, Mwajuma, Ramadhani na Mwanaidi ni majina ya siku na miezi. Chausiku alizaliwa usiku na Mwamvua wakati wa mvua. Na miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili Doto, kisha anayezaliwa baada yao ni Shija. Majina haya yana fadhila ya kuwa hayamdai mtoto chochote, na mzazi anayeona mashaka kuchagua anaweza kukimbilia hapo kwa usalama.

Ugumu uko katika majina ya taabu. Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko na Mateso ni majina halisi ya watu wengi wa Tanzania na nchi jirani, na hayakutolewa bila sababu. Baadhi yalitolewa kwa kumbukumbu, mtoto akiwa amezaliwa mwaka wa njaa au wakati wa msiba, na wazazi wakataka tukio hilo lisisahaulike. Mengine yalitolewa kwa kinga, pale ambapo watoto waliotangulia walikufa, na jina lisilovutia likaonekana kuwa njia ya kumficha aliyebaki machoni pa mauti. Aina ya tatu ni jina linalotolewa kama ujumbe kwa jirani, kwa wifi au kwa mke mwenza, ambapo mtoto hufanywa barua ya kupeleka maneno ambayo mkubwa wake ameogopa kuyasema mwenyewe. Aina hizi tatu hazipaswi kuhukumiwa kwa pamoja. Kumbukumbu ya msiba ina heshima yake, na mama aliyezika watoto kisha akampa aliyebaki jina la kinga hastahili kufundishwa na mtu yeyote. Lakini kumwandika mtoto ugomvi wa watu wazima ni dhuluma, kwa kuwa ugomvi utapatanishwa au wagombanao watafariki, naye atabaki akieleza kwa wageni kwa nini anaitwa hivyo. Mtume Muhammad alikuwa akibadilisha majina yenye maana mbaya, na imepokewa kwamba binti mmoja aliyekuwa na jina lenye maana ya mwasi alimpa jina la Jamila, yaani mzuri. Mzazi aliyekwisha kosea ana ruhusa ya kutengeneza, na hakuna aibu ndani yake.

Ni lazima kuongeza, hata hivyo, kwamba mwenye jina la taabu hahitaji kuhurumiwa na watu. Wako wazee wengi wenye majina ya Mashaka na Tabu ambao kwa wema wao wameyafanya majina hayo kuwa ya heshima katika vijiji vyao, na mjukuu anayepewa jina la bibi wa namna hiyo harithi shida, anarithi bibi. Maana ya jina iliyo katika kamusi ni jambo moja, na maana yake katika ukoo ni jambo jingine lenye nguvu zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo jina zuri la mtu asiyejulikana na familia, lililochukuliwa kwa kuwa ni la mchezaji au mtawala anayevuma, huwa jepesi, na kumwita mtoto jina la mwajiri au kiongozi aliye hai kwa kutaraji msaada wake ni kumfanya mtoto ombaomba kabla hajajua kukaa. Jina lisifiche pia siri ya mzazi mmoja: mume au mke anayepenyeza jina la mchumba wake wa zamani kwa mtoto anaweka ndani ya nyumba neno litakaloitwa mara nyingi kwa siku, na siku siri itakapofichuka mwenziwe atakuwa hana pa kuliepuka.

Anayeitiwa jina, ambaye huitwa wajina wa mtoto, naye ana wajibu wake. Kuitiwa jina si sifa tupu. Inamtaka mkubwa huyo amjue mtoto, amwombee, amtembelee, na kama ana uwezo amsaidie daftari na sare za shule bila kungoja kuombwa. Wazazi nao wasimgeuze wajina kuwa benki. Kuhusu majina ya utani, yaani yale yanayobandikwa mtoto kwa umbo, rangi au kilema, Kurani katika sura ya 49, aya ya 11, inakataza watu kuitana kwa majina ya kejeli, na wazazi wasiofuata dini hiyo wanaweza kuufikia uamuzi huo huo kwa kutazama tu uso wa mtoto anayeitwa kwa unene wake mbele ya wageni. Jina baya la utani huanzia nyumbani mara nyingi zaidi kuliko wazazi wanavyodhani, kisha mtaa hulichukua, na shule hulithibitisha.

Jina la mtoto humrudia pia mzazi wake. Mama wa Asha huitwa Mama Asha na baba yake Baba Asha, na katika miji na vijiji vya Tanzania mwanamke anaweza kukaa mtaa mmoja miaka mingi bila majirani kulijua jina lake jingine. Heshima hiyo ni nzuri na haina sababu ya kuachwa, ila inataka uangalifu wa namna mbili. Watoto wafundishwe jina kamili la mama yao na la baba yao mapema, kwa sababu mtoto aliyepotea sokoni akiulizwa jina la mama yake hawezi kusaidiwa na jibu la "Mama Asha". Na mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto asiitwe kwa namna inayomkumbusha kila asubuhi kile alichokosa. Aitwe kwa jina lake, au shangazi, au mama mdogo wa fulani, kulingana na nafasi yake halisi katika ukoo.

Jina lililokwisha tolewa liandikwe. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, katika kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, ya uraia na ya kuwajua wazazi na ukoo wake, na inawapa wazazi wajibu wa kumsajili. Hospitali au zahanati hutoa tangazo la kizazi, ambayo ni karatasi inayothibitisha kwamba mtoto amezaliwa hapo, lakini karatasi hiyo si cheti cha kuzaliwa. Cheti hutolewa katika mfumo wa usajili ulio chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na muda wa kawaida wa kusajili kizazi ni siku 90. Wazazi wengi huliweka tangazo kabatini wakidhani wamemaliza, mpaka mtoto anapotakiwa kuandikishwa shule. Kabla ya kusaini, tahajia ya jina isomwe herufi kwa herufi, kwani Khadija wa kwenye cheti na Hadija wa shuleni ni watu wawili mbele ya karani, na mtoto ndiye atakayetumwa siku moja kwenda kula kiapo mbele ya wakili kueleza kuwa ni mtu mmoja.

Mtoto akiisha kuwa na jina anahitaji mahali pa kuliitikia. Familia nyingi za Afrika Mashariki hazijengi nyumba kwa mara moja. Hununua kiwanja, hukaa, hufyatua tofali, huweka msingi, hukaa tena, hupandisha ukuta, na kati ya hatua moja na nyingine hupita mwaka au miaka. Wako wanaoiona namna hii kuwa ni dalili ya umaskini, na wanakosea. Katika miji ya zamani ya mwambao, kama Lamu, nyumba za mawe zilikua pamoja na familia: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko iliyoweza kubeba dari, chokaa ilihitaji muda wa kukauka, na binti alipoolewa ghorofa iliongezwa au chumba kilitandazwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, chumba ambacho huko huitwa wikio. Watu waliojenga hivyo walikuwa wafanyabiashara wenye mali. Walijua kwamba nyumba inayokamilika kabla ya familia kujulikana ukubwa wake itabomolewa au itabana.

Ujenzi wa hatua kwa hatua una elimu yake, na kutoijua elimu hiyo huwatia hasara watu waaminifu. Si kila mahali panafaa kusimama. Msingi uliofunikwa vizuri unaweza kungoja, na ukuta uliofika kwenye lenta, yaani ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, unaweza kungoja ikiwa zege imekwisha mwagwa; lakini nondo zilizoachwa wazi hula kutu, na ukuta wa tofali za udongo usioezekwa huyeyuka kwa masika moja. Zege na tofali za saruji zinataka kumwagiliwa maji siku za mwanzo, na nguvu ya zege hupimwa kwa kawaida baada ya siku 28, hivyo fundi anayetaka kupandisha mzigo juu ya zege ya juzi azuiwe hata kama ana haraka ya kwenda kazi nyingine. Saruji haifai kuwa akiba, kwa sababu mfuko uliokaa kwa miezi kadhaa hupoteza nguvu, zaidi sana penye unyevu. Mwenye fedha kidogo kila mwezi ni bora anunue tofali, mawe au mbao, au aziweke fedha zake katika SACCOS au VICOBA, ambavyo ni vyama vya watu kuweka na kukopa kwa kuaminiana, mpaka zitoshe hatua nzima.

Kabla ya tofali la kwanza, ardhi ichunguzwe. Muuzaji aulizwe mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa au halmashauri ya kijiji, majirani wa pande zote waitwe waonyeshe mipaka, na ofisi ya ardhi iulizwe kama eneo hilo limepangiwa barabara au huduma nyingine. Wengi wameziona kuta zao zikichorwa alama ya X na kuamriwa kubomolewa, baada ya kuweka humo jasho la miaka, kwa sababu tu waliona haya kumwuliza muuzaji karatasi. Kuuliza karatasi si kumtukana mtu, na muuzaji anayekasirika kwa kuulizwa ameshajibu.

Jambo linalofuata ni jina gani litaandikwa katika hati ya nyumba, na hapa wanandoa wengi hunyamaza pale wanapopaswa kusema. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe, na kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani anazofanya mke ni mchango katika kupatikana kwa mali hiyo. Uamuzi huo ulisema kwa lugha ya sheria jambo ambalo kila mtu mwenye macho analiona: mume hawezi kwenda kazini na kurudi na fedha za bati ikiwa hakuna anayepika, anayefua, anayewapeleka watoto kliniki na anayesimama juani kumwangalia fundi asipunguze saruji. Lakini sheria ni kimbilio la waliokwisha kugombana, na adabu inafika kabla yake. Mume mwema huweka majina yote mawili katika hati wakati kuna mapenzi, na mke mwenye kipato chake husema wazi ametoa kiasi gani na kwa hatua gani, kisha wote wawili huandika katika daftari moja. Kufichana viwanja, mmoja akijenga kwa siri upande wa kwao, kumevunja nyumba nyingi kuliko ufukara.

Kiasi nacho kina adabu yake. Nyumba haijengwi kwa njaa ya watoto. Ni kawaida kusikia familia ikisifiwa kwa kufunga mkanda, na kufunga mkanda kwa wakubwa ni jambo la kusifiwa kweli. Ila mtoto mchanga hana mkanda wa kufunga, na maziwa, dawa na ada ya shule visiingizwe katika hesabu ya bati. Hatua ikishindikana mwaka huu, isogezwe mwaka ujao bila baba kujiona ameshindwa na bila mama kumlinganisha na jirani aliyepaua. Ulinganisho huo, hata usemwe kwa sauti ya chini, huwafukuza wanaume wengi kutoka katika mazungumzo ya nyumba yao wenyewe, wakaanza kukopa kwa siri ili waonekane.

Wengi huhamia nyumba ikiwa bado pagale, yaani kuta na paa bila ya lipu, dari wala sakafu ya saruji, ili kuikwepa kodi ya pango. Uamuzi huo ni wa busara ikiwa mambo matatu yametimia: choo kimekamilika, milango ya nje inafungwa, na mahali pa mtoto kulala hapapitishi mvua. Marumaru na rangi vinaweza kusubiri hata miaka kumi. Wageni nao wana adabu yao katika nyumba ya namna hiyo, kwani si vizuri kuuliza "mnamalizia lini?" wala kutazama juu mahali ambapo dari haipo; anayependa kusaidia alete mfuko wa saruji au asifu kile kilichokwisha kusimama. Ndani ya pagale watoto walelewe kwa usafi ule ule na staha ile ile ambayo ingetakiwa katika nyumba iliyokamilika, chumba cha wazazi kiwekewe pazia zito kama mlango haujapatikana, na watoto wa kike na wa kiume watenganishiwe mahali pa kulala wanapokaribia kubalehe, hata kama ni kwa ukuta wa mbao nyembamba.

Fundi alipwe kwa hatua, kila malipo yaandikwe na kushuhudiwa, na asipewe fedha zote kabla ya kazi, kwa ajili ya usalama wa pande zote mbili. Pamoja na hayo apewe chai na chakula inapowezekana, aitwe kwa heshima ya umri wake, na makosa yake yaelezwe kando, si mbele ya vibarua. Watoto wakubwa wanaweza kumwagilia tofali jioni na wakafurahia, lakini wasibaki nyumbani siku ya shule ili wabebe mchanga.

Katika kupanga vyumba inafaa kuwafikiria watu ambao hawapo siku ramani inapochorwa. Bibi atakuja kumwogesha mtoto na kumlea mzazi kwa siku arobaini, muda ambao mama aliyejifungua hupumzishwa na kutunzwa kwa desturi. Mdogo wa mke atakuja kusoma mjini. Na huenda mmoja wa wanandoa ana mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa hiyo. Mtoto huyo ndiye anayesahauliwa zaidi. Kumpa kitanda chake, kumwita kwa jina lake kamili lenye jina la mzazi wake, na kuacha kumtambulisha kwa wageni kuwa ni "mtoto wa nje" ni sehemu ya ujenzi kama ulivyo msingi, na wanandoa wazungumze nafasi yake kabla ya ukuta kupanda.

Karatasi zote za familia, yaani vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, vitambulisho vya Taifa, mkataba wa kununua kiwanja, risiti na hati, ziwekwe mahali pamoja panapojulikana na wote wawili, na majina yaliyomo yalinganishwe mapema. Mzazi akifariki, warithi hupaswa kuonyesha kwamba wao ni watoto wa mtu aliyetajwa katika hati, na hapo tofauti ya jina moja kati ya cheti na hati huchelewesha mirathi, nyumba ikakaa bila mwenye mamlaka nayo. Mwislamu anayetaka kuusia anaruhusiwa usia usiozidi thuluthi ya mali yake na usio kwa ajili ya mrithi, kwa hiyo zawadi anayotaka kumpa mke au mtoto fulani aitoe akiwa hai na mzima, kwa uadilifu na mbele ya mashahidi. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, na mjane wa dini yoyote ana haki ya kuomboleza bila kuhesabiwa vyombo. Katika muda huo ndugu wa marehemu wapige hodi kama walivyokuwa wakipiga mwenyewe akiwa hai, waulize watoto wamekula nini na ada imelipwa mpaka lini, na habari za hati wasizitaje mpaka kikao cha ukoo kiitishwe kwa utaratibu na mahakama iteue msimamizi wa mirathi.